Miaka Yangu na Tadei kwenye Chumba cha Seva

Juzi nilishuka basi la mwendokasi pale Gerezani, Kariakoo, bila safari ya maana, nikajikuta nimepanda ngazi za jengo letu la zamani mpaka ghorofa ya nne. Chumba chetu cha seva sasa ni stoo ya spea za magari. Pale lilipokuwa kabati la mitambo zimepangwa shokapu mpaka darini. Kijana mwenye stoo akanisalimia, "Shikamoo mama, nikusaidie nini?" Nikaitikia marahaba, nikamwambia napita tu. Nilitamani kumwambia kwamba hapo aliposimama ndipo alipokuwa anakaa Tadei, lakini Tadei angekuwa nani kwake? Nikashuka, nikarudi zangu Buguruni, na njia nzima nikawa nawawaza ninyi mnaosoma kompyuta sasa hivi. Ninyi mtanielewa, au angalau mtanivumilia.

Mimi naitwa Mwanahawa. Kazini waliniita dada Hawa mpaka siku ya mwisho, hata nilipokuwa na wajukuu. Kampuni yetu ilikuwa ya kutoa mizigo bandarini. Makarani walishinda getini na nyaraka, na lori halitoki mpaka mfumo wetu utoe kibali. Mfumo ukilala, na malori yanalala. Kazi yetu sisi wawili, mimi na kaka Tadei, ilikuwa kuhakikisha haulali.

Tulikuwa na seva mbili za chuma, nzito, kila moja inahitaji wanaume wawili kuibeba. Ndani yake ziliishi kompyuta nyingine nyingi ambazo huwezi kuzigusa. Kila moja ina diski yake, kumbukumbu yake, anwani yake, na inajiona iko peke yake duniani. Vitabuni zinaitwa mashine pepe. Sisi tuliziita wapangaji. Watu wa Kariakoo hatuhitaji kufafanuliwa jinsi nyumba moja inavyobeba familia nyingi, kila moja na jiko lake, na wote wanagombania maji.

Tadei alikuwa mtu wa Masasi, mrefu, mpole, shati limechomekwa hata siku ya joto kali. Alinitangulia kazini miaka mingi. Mimi nilikuja na cheti changu nikiwa nimefundishwa kwa madirisha: unafungua programu, unaona orodha ya mashine zako, iliyo hai ina alama ya kijani, unabofya, inawaka, unabofya tena, inazimika. Nikamkuta huyu kaka ana dirisha moja jeusi lenye maandishi meupe, anaandika amri moja baada ya nyingine, na kipanya chake amekifungia kwenye droo.

"Kaka, kwa nini unajitesa?" nikamwuliza siku ya kwanza.

"Ukibofya, umefanya kazi moja, imeisha," akasema. "Mimi nikiandika, hiyo hiyo niliyoandika naitunza. Kesho zikiwa mashine ishirini, naifanyisha kazi yenyewe, mimi nakunywa chai."

"Na ukikosea herufi moja?"

"Ndiyo maana nasoma kwa sauti kabla sijapiga Enter."

Na kweli alisoma kwa sauti, kila amri, kama mtu anayesoma risala. Nilimcheka. Lakini haukupita muda nikaona kwamba tukiwa mbali, mtandao ukiwa wa kusuasua, dirisha langu la picha lilikuwa linajikokota mpaka linakata tamaa, wakati maneno yake machache yanapita bila shida. Naye siku nyingine alikuwa anageuza kiti kuja kutazama kwangu, kwa sababu dirisha la picha lilimwonyesha nyumba nzima kwa mara moja: nani ananyonya kumbukumbu, nani amekaa bure. Kwa hiyo msiniulize kipi bora. Mtu wa kazi hii anajifunza vyote viwili, na anayekuambia kimoja kinatosha bado hajakatikiwa mtandao akiwa shambani kwa shemeji yake.

Wageni walikuwa wanaogopa sana amri iitwayo `destroy`, yaani angamiza. Jina lake linatisha kuliko kazi yake. Haifuti mashine, inaikata umeme tu, kama mtu anayechomoa waya ukutani. Amri ya `shutdown` ndiyo ya adabu: inaigongea mashine mlango, inaiomba ijifunge yenyewe. Tatizo ni kwamba mashine iliyoganda haisikii hodi, na hapo ndipo unapolazimika kuchomoa. Kuchomoa kuna gharama yake, nitawaambia.

Kuna jambo jingine, la picha. Kabla ya kubadilisha kitu kikubwa unapiga picha ya mashine, yaani unaigandisha hali yake ilivyo dakika ile, ili ukiharibu urudi pale pale. Siku moja meneja wetu, Bwana Rajabu, alikuja akiwa na wasiwasi kwa sababu tulikuwa tunapandisha toleo jipya la mfumo.

"Mna uhakika tutarudi likiharibika?"

"Tumeshapiga picha, bosi," Tadei akamwambia.

"Safi. Nirushie kwenye simu niione."

Tadei hakucheka. Alimweleza taratibu, kwa heshima, mpaka Bwana Rajabu akatingisha kichwa na kuondoka. Mlango ulipofungwa ndipo tulipoinamia meza kwa kucheka. Lakini nawaomba msiichukulie picha hiyo kuwa ni nakala ya akiba. Picha inakaa kwenye diski ile ile. Diski ikifa, vinakufa pamoja. Na ukiiacha muda mrefu inanenepa mpaka inajaza chumba.

Siku niliyofurahi kuliko zote katika kazi ile ilikuwa ya kumhamisha mpangaji akiwa anapika. Seva ya kwanza ilitakiwa kufunguliwa isafishwe, na mashine ya vibali ilikuwa ndani yake, makarani wanaitumia. Tadei akasema tutaihamishia seva ya pili bila kuizima. Mimi nilikuwa nimesoma kwamba inawezekana, lakini kusoma ni kusoma. Akampigia karani mmoja wa bandarini, akamwambia, "Mama, endelea kuandika, usiache. Ukiona kitu chochote niambie." Akasoma amri yake kwa sauti, akapiga Enter. Asilimia zikapanda. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza.

"Umeona nini?" akamwuliza yule mama mwishoni.

"Sijaona kitu. Kwani mnafanya nini?"

Tadei akakata simu, akanigeukia akiwa anacheka bila sauti, mabega yanatikisika. Mtambo mzima umehama kutoka chuma hiki kwenda chuma kile, na mtu aliyekuwa ndani hajamwaga hata chai. Ninyi sasa hivi mnaliona jambo la kawaida. Mimi nikilikumbuka bado natabasamu peke yangu jikoni.

Sasa niwaambie kilichotupata.

Sijui kilianza lini. Niliona herufi za Tadei kwenye kioo zinakua, mwezi hadi mwezi, mpaka kioo kizima kinabeba mistari michache tu. Akawa anakaa pua karibu na kioo. Akawa anapapasa chupa ya chai. Nikamwambia, "Kaka, nenda ukapime miwani." Akajibu, "Nitaenda, dada." Kumbe alikuwa ameshaenda. Hospitali walimwambia ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Alikuwa analijua hilo peke yake, hata mkewe hakuwa amemwambia lote.

Mashine zetu wakati ule zilikuwa na majina ya namba: kli-01, kli-02, kuendelea mbele. Ya vibali ilikuwa kli-08. Ile kli-03 ilikuwa ya majaribio, haina mtu. Asubuhi moja meli zimeteremsha mzigo mwingi, simu hazinyamazi, kli-03 ikaganda na kuanza kula kumbukumbu ya wenzake. Ikagongewa mlango, haikusikia. Tadei akasema ataichomoa. Akaandika, akasoma kwa sauti: "Destroy, kli sufuri tatu." Akapiga Enter.

Mimi nilikuwa kwenye dirisha langu la picha. Nikaona alama ya kijani imezimika, lakini si pale nilipotegemea.

"Kaka, umezima nane!"

"Nimezima tatu."

"Tatu iko hai. Nane ndiyo imelala."

Akainama kwenye kioo mpaka paji la uso likagusa. Alikuwa amesoma alichokuwa anakusudia, si kilichoandikwa. Nikaiwasha nane haraka. Alama ikarudi kijani, nikashusha pumzi. Simu zikazidi kulia. Bwana Rajabu akaingia anahema.

"Mfumo umekufa! Malori yamepanga foleni mpaka barabarani, wenye mizigo wananipigia mimi. Nani kagusa nini?"

"Nimeuzima mimi," Tadei akasema.

"Lakini umeshawaka," nikasema mimi, nikamwonyesha ile alama.

Wanangu, alama ya kijani inakuambia mashine ina umeme. Haikuambii kama ni nzima. Nilipofungua kioo cha ndani cha ile mashine nikakuta imekwama mlangoni: diski yake imevurugika kwa kuchomolewa katikati ya kuandika, inaomba ikarabatiwe.

"Nisomee," Tadei akasema.

"Soma mwenyewe, kaka, muda hatuna."

Akaondoa mikono kwenye kibodi. Halafu akasema, mbele ya Bwana Rajabu, kwa sauti ile ile ya kila siku: "Hawa, sioni. Naona ukungu. Tatu na nane kwangu ni kitu kimoja."

Bwana Rajabu alikuwa amefungua mdomo kugomba, akaufunga. Mimi nikavuta kiti changu, nikakaa karibu na Tadei, nikaanza kusoma. Nilisoma kila mstari, hata nukta.

Alipoelewa hali, jambo la kwanza aliloniambia si kukarabati. "Nakili kwanza faili lote la diski yake, uliweke seva ya pili."

"Lote? Kubwa hilo," nikasema.

Bwana Rajabu akashindwa kuvumilia. "Mnanakili nini na malori yamesimama? Tengenezeni!"

"Bosi," Tadei akasema, "ukarabati unaweza kuponya na unaweza kuua. Ukiua na hatuna nakala, malori hayatatoka hata kesho kutwa."

Tukangoja. Hakuna kungoja kurefu kama kule. Bwana Rajabu alisimama dirishani akitazama chini mtaani, anapokea simu, anaomba radhi, anakata, anapokea nyingine. Nakala ilipokamilika, Tadei akaniambia amri, mimi nikaiandika, nikamsomea, akasema, "Piga." Mashine ikaanza kuuliza maswali, moja moja. Nasoma, anafikiri, anajibu. Mara mbili alisema, "Rudia, polepole." Mikono yake ilikuwa imetulia magotini.

Ikaamka. Haikuamka salama kabisa, nisiwadanganye: baadhi ya kazi za asubuhi ile zilipotea, makarani wakaziandika upya huku wananuna, na kuna mama mmoja alininunia mimi mpaka sikukuu. Lakini malori yalianza kutoka.

Alasiri Bwana Rajabu akatuita wote wawili.

"Tadei, wewe ni ndugu yangu. Umenifundisha mengi. Lakini nitamwachiaje bandari mtu asiyeona?"

"Sikulaumu, bosi," Tadei akasema. Alikuwa ameshachomoa funguo za chumba mfukoni, ameziweka mezani.

Nilizitazama zile funguo, nikaona miaka yangu iliyobaki mle ndani bila yeye. Nikasema kabla sijajiuliza kama ni zamu yangu kusema. "Bosi, leo nani kaitengeneza?"

"Nyinyi wawili."

"Basi tuache wawili. Yeye aseme, mimi niandike, nimsomee, ndipo tupige. Tangu leo amri ya kuzima au kufuta isipite mpaka watu wawili wameisikia."

"Watu wawili, amri moja?"

"Asubuhi ilikuwa ya mtu mmoja, ukaona."

Akachezea kalamu. Mwishowe akazisukuma funguo kurudi upande wa Tadei. "Tujaribu," akasema. "Nikiona haiendi, tutaongea tena." Hatukuongea tena.

Jambo la kwanza tulilofanya wiki ile ni kuua majina ya namba. Tulitaka majina ambayo hata ukiyasikia kwa sikio moja huwezi kuyachanganya, tukachukua mitaa ya Kariakoo. Ya vibali ikawa Narung'ombe. Ya barua pepe ikawa Sikukuu. Ya kutunzia nyaraka ikawa Kongo, na hapo tulijitafutia vichekesho, maana kila mara diski yake ikikaribia mwisho mmoja wetu anatangaza, "Kongo imejaa, hakuna pa kupita," na mgeni yeyote aliyepo anajibu, "Kwani lini haijajaa?"

Baadaye tukapata programu ya kumsomea maandishi. Ilisoma Kiswahili kama mgeni aliyeshuka meli jana, na Narung'ombe iliishinda kabisa, lakini Tadei aliizoea. Hapo ndipo nilipoelewa dirisha lake jeusi kwa undani. Lile la kwangu, la picha, programu ile ilikuwa inalipita kimya. Alama ya kijani haina sauti. Kwenye dirisha la maandishi kila kitu ni neno, na neno linasomeka. Mimi nilikuwa nimekaa na madirisha mazuri yote yale, na hakuna hata moja lililokuwa na nafasi ya Tadei. Hilo ninyi mnaotengeneza programu mlifikirie.

Tuliishi hivyo miaka. Nikimkumbuka, siikumbuki ile siku ya malori. Nakumbuka asubuhi za kawaida: namwagia chai, anauliza, "Wapangaji wameamkaje?" namsomea orodha, jina kwa jina, na akisikia lililokosekana anasema kabla sijafika. Umeme ukikatika na kurudi, nilikuwa nasahau kwamba mashine hazinyanyuki zenyewe mpaka uwe umezipa idhini ya kujiwasha. Yeye anakohoa tu, na mimi najua. Kuna mtu unafanya naye kazi mpaka kukohoa kwake kunakuwa amri. Sikujua kwamba hilo halitokei mara mbili.

Alipoacha kuona hata mwanga, aliamua mwenyewe. "Mjini hapa nitagongwa," akaniambia. "Masasi kila kisiki nakijua kwa mguu." Nilimshika mkono kushuka ngazi zote nne, na mafundi wa karakana ya chini wakaacha nyundo zao, wakaja kumuaga. Bwana Rajabu alimbebea begi mwenyewe mpaka kwenye gari. Hatukulia pale. Mimi nilipanda tena juu, nikakaa kwenye kiti changu, nikajikuta nasoma amri kwa sauti na hakuna wa kunijibu, "Piga."

Tuliendelea kupigiana simu. Aliniuliza hali za mashine kabla ya hali za watoto wangu, kisha anajirekebisha. Mwaka jana, msimu wa korosho, tulimzika kwao.

Kabla ya hapo, ulipofika mwaka wangu wa kustaafu, kampuni ilikuwa imeamua kuhamishia kila kitu kwenye mashine za kukodi, mbali, ambazo hakuna hata mmoja wetu angeziona. Si uamuzi mbaya. Ndipo dunia ilipoelekea, na mimi mwenyewe nilisaidia kuhamisha, mpangaji mmoja mmoja, mpaka zikabaki nyumba mbili tupu zenye majina tu. Kazi yangu ya mwisho ikawa kuyafuta majina hayo. Bwana Rajabu alikuwa ameshaondoka kazini, ofisi ina watu wapya wenye heshima zao. Wakaniambia, "Mama, tunaweza kukufanyia hiyo." Nikasema hapana, hii inataka watu wawili. Nikafunga mlango, nikampigia Tadei, nikaweka sauti ya nje.

"Leo ndiyo leo?" akauliza.

"Ndiyo leo, kaka."

"Haya. Nianze na nani?"

Akasema amri, nikaandika, nikamsomea, akasema, "Piga." Sikukuu. Kongo. Mchikichi. Tulikwenda taratibu, na kila jina alikuwa na neno la kusema juu yake: huyu alitusumbua, huyu alikuwa mtulivu. Narung'ombe aliiacha mwisho. Tulipomaliza akasema, "Andika orodha." Nikaandika.

"Soma."

"Hakuna jina, kaka."

"Andika tena."

Nikaandika tena. "Hakuna."

Nyuma yake nilisikia kuku, na mtu anatwanga.

"Bado zina umeme?" akauliza.

"Bado. Feni zinazunguka."

"Nisogezee simu, nizisikie."

Nikaishika simu mbele ya ile seva ya kwanza, karibu kabisa, kule hewa moto inakotokea. Hakuniambia nizime, na mimi sikumwuliza. Mkono ulipochoka, nikabadilisha mkono.